Makofi Hayajengi Nyumba

Maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu, kabla ya kura juu ya mfuko wa msaada. Tumeyaandika kwa ajili ya wanachama ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu wanaosoma gazeti hili wakiwa mbali.



Komite ilituomba sisi watu wa tereni tuseme kidogo mbele ya kura. Walituambia: dakika ishirini, na musituletee maneno ya miradi. Tumesikia. Leo hatukuja na karatasi za mradi wowote. Tumekuja na habari ya wapiganaji wa ngumi, na ya mama mmoja mwimbaji. Mutuvumilie, mwisho mutaona kwa nini.

Kura ya leo wote munaijua. Kijana aliyekuwa kwenye kundi lenye silaha, akaweka bunduki chini, akarudi kwa wazazi wake: je, aandikwe kwenye daftari letu sawa na mrudi mwingine? Apate haki ya msaada wa msiba, wa ugonjwa, na mkopo mdogo wa kuanza kazi? Ao hapana? Tunajua kuna nyumba ambamo baba na mama hawakubaliani juu ya jambo hili. Hatushangai. Hata kati yetu sisi wafanyakazi hatukukubaliana siku ya kwanza.

Tuanze na golikipa. Wengi munamkumbuka, jina tunaliacha. Alirudi kutoka porini wakati wa kiangazi. Siku ya mashindano ya mpira alidaka penalti mbili, uwanja mzima ukasimama, wamama wakapiga vigelegele, watoto wakamkimbilia. Sisi tulikuwa pale na kamera. Tulipiga picha, tukaiweka kwenye ripoti, tukaandika: kijana amepokelewa vizuri na jamii. Jioni ile kila mtu akaenda kwake. Kumbe golikipa hakuwa na fasi ya kulala. Nyumba ya mjomba wake ilikuwa imejaa, na kusema kweli, mjomba alikuwa anamuogopa. Vifaa vya useremala alivyopewa kwenye mradi aliviuza ili ale. Mbele ya miezi minne kwisha, alikuwa amerudi kule alikotoka.

Kosa hili hatumpe mtu mwingine, ni letu pia. Tulihesabu makofi, hatukuhesabu usiku.

Kiisha tulikaa na vijana wenzake chini ya mwembe, tukawauliza: kwa nini munaenda? Mmoja akajibu: «Kama sina bunduki, nani atanijua mie?» Mwingine, aliyesoma kidogo, akaongeza: «Hata mabingwa wakubwa wa dunia walivaa kijeshi. Njo maana wakawa na majina.» Tulinyamaza. Tulijua kwamba kwa sehemu anasema kweli. Tukarudi nyumbani, tukatafuta habari za hao mabingwa, ili tumjibu kwa haki. Jibu lenyewe njo hili tunawaletea.

Kwanza tuseme wazi: hatulinganishi jeshi la serikali, lenye sheria na cheo na mshahara, na kundi la porini. Si kitu kimoja. Tunachotafuta ni jambo moja tu: mtu mwenye jina akienda vitani, akirudi nyumbani anakuta nini?

Mtu wa kwanza ni Joe Louis. Alizaliwa mwaka 1914 katika jimbo la Alabama, Marekani, kwenye familia ya wakulima weusi maskini. Wazee wa familia yake walikuwa watumwa. Alipokuwa mtoto wakahamia Detroit, mji wa viwanda. Na kuna jambo dogo ambalo chama kama chetu hakipaswi kulisahau: wakati wa njaa ya kazi, familia yake ilikula msaada wa serikali ya mji. Louis alipoanza kupata pesa kwa ngumi, aliurudisha msaada ule. Hakuna aliyemlazimisha. Mwaka 1937 akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, na akashikilia ubingwa ule mpaka alipouacha mwenyewe mwaka 1949. Alitetea mkanda wake mara 25.

Marekani ilipoingia vitani, mwezi wa 12 mwaka 1941, Louis alikuwa mtu mweusi anayejulikana kuliko wote katika nchi yake. Tarehe 9 Januari 1942 alipigana na Buddy Baer huko New York, akamwangusha kwenye raundi ya kwanza. Malipo yake, karibu dola 47,000, aliyatoa yote kwa mfuko wa kusaidia familia za wanamaji. Na mujue, wakati ule jeshi la majini lilikuwa linawaweka watu weusi karibu wote jikoni na mezani, kuwapikia na kuwahudumia wakubwa. Watu walimuuliza: unawapaje pesa hao? Yeye aliona kwamba nchi yake iko na makosa mengi, lakini Hitler si mtu wa kuyatengeneza. Mara baada ya pigano hilo akajiandikisha kuwa askari wa kawaida, mshahara dola 21 kwa mwezi. Mwezi wa tatu akapigana tena, na Abe Simon. Safari hii alitoa karibu dola 36,000 kwa mfuko wa familia za askari wa nchi kavu.

Jeshini walimweka kwenye kikosi cha watu weusi, maana weusi na weupe hawakuchanganywa. Huko Fort Riley, jimbo la Kansas, alimkuta kijana mmoja mwanamichezo ambaye yeye na wenzake weusi walikuwa wanazungushwa: wamefaulu mtihani wa kwenda kusomea uofisa, lakini hawaitwi. Louis alijua watu wakubwa. Akatumia jina lake kuwasemea, na mlango ukafunguka. Kijana yule ni Jackie Robinson. Alipata cheo cha uluteni mwezi wa kwanza mwaka 1943. Mwaka 1944, kwenye kambi moja ya Texas, alikataa kwenda kukaa nyuma ya basi, akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akashinda kesi. Mwaka 1947 alikuwa mtu mweusi wa kwanza katika zama zile kucheza ligi kuu ya besiboli. Sisi tunasema hivi: ile siku Louis alipomsemea mwenzake, jina lake lilifanya kazi kuliko siku alipomwangusha Baer.

Kwa miaka ya vita Louis alizunguka kambi nyingi, Marekani na ng'ambo. Alipigana ngumi za maonyesho 96, mbele ya askari wapatao milioni mbili. Alipotoka jeshini mwaka 1945 alikuwa sajenti, na medali kifuani. Makofi, wandugu, makofi mengi.

Sasa sikieni kipande cha pili, kile ambacho kijana wetu wa chini ya mwembe hakukijua. Watu wa kodi walifungua vitabu. Malipo ya yale mapigano aliyoyatoa kama zawadi wakayahesabu kama mapato yake, sawa vile pesa zingekuwa zimeingia mfukoni mwake. Vitabu vyake vilikuwa vimeshikwa vibaya, na washauri wake hawakumlinda. Mwaka 1950 wakamwambia: pamoja na riba na faini, unadaiwa zaidi ya dola 500,000. Ikabidi arudi ulingoni, mwili umekwisha choka. Mwaka huo huo akapigwa na Ezzard Charles. Mwaka 1951 kijana Rocky Marciano akamwangusha kwenye raundi ya 8. Kiisha akacheza mieleka ya maonyesho ili apate kula, na deni likaendelea kuzaa riba. Ilichukua miaka mpaka serikali ikakubali kumpunguzia mzigo. Mwishoni alikuwa anapokea wageni kwenye hoteli ya kamari huko Las Vegas: anawapa mkono, wanapiga naye picha.

Hebu tuangalie upande wa pili wa ulingo. Mwaka 1936 mtu mmoja alikuwa amempiga Louis: Mjerumani Max Schmeling. Watu wa Hitler walifurahi sana, wakamtumia kama picha ya nguvu ya taifa lao. Tarehe 22 Juni 1938 wakarudiana New York, mbele ya watu zaidi ya 70,000. Louis alimmaliza kwa sekunde 124. Dunia nzima ilisema hawa wawili ni maadui, damu na damu. Mwezi wa 11 mwaka ule ule, usiku ambao Wayahudi walikuwa wanapigwa na maduka yao kuvunjwa, Schmeling aliwaficha vijana wawili wa Kiyahudi katika chumba chake cha hoteli. Vita ilipokuja, aliingizwa kwenye jeshi la Ujerumani. Mwaka 1941 aliruka kwa parashuti kwenye kisiwa cha Krete, akaumia. Baada ya vita hakuwa na kitu, akarudi ulingoni kwa muda, kiisha akapata biashara ya kuuza Coca-Cola huko Hamburg, akatajirika.

Mwaka 1954 akapanda safari, akaenda Chicago kumtafuta Louis. Wakawa marafiki. Joe Louis alipokufa, tarehe 12 Aprili 1981, akazikwa kwenye makaburi ya kitaifa ya askari huko Arlington. Na mmoja wa waliosaidia kulipa gharama za mazishi alikuwa Schmeling, mtu aliyevaa sare ya upande mwingine.

Wamama wa komite ya misiba, munaisikia hiyo? Kule kwenye nchi tajiri kuliko zote, bingwa wa dunia alihitaji mchango wa msiba, na mchango mmoja ukatoka kwa adui wa jana.

Wako wengine. Battling Siki alizaliwa Saint-Louis, Senegal, mwaka 1897. Mwafrika mwenzetu. Kwenye vita ya kwanza ya dunia alipigana katika jeshi la Ufaransa, akapata nishani za ushujaa. Tarehe 24 Septemba 1922, huko Paris, akapigana na bingwa Georges Carpentier, Mfaransa ambaye naye alikuwa rubani wa vita, kipenzi cha taifa lake. Siki akamwangusha kwenye raundi ya 6. Mwamuzi kwanza akasema Siki amekosa, anyimwe ushindi. Uwanja ukapiga kelele, waamuzi wakarudisha haki yake. Akawa bingwa wa dunia. Lakini magazeti yalimwita mnyama wa porini, mtu aliyemwaga damu kwa ajili ya nchi yao. Hakukuwa na watu wa kumshika mkono. Mwezi wa 12 mwaka 1925 alipigwa risasi barabarani New York, akafa na miaka 28. Mabaki yake yalirudishwa Saint-Louis mwaka 1993. Sisi tulioishi kambini Tanzania tunajua maana ya kungojea kurudi. Yeye aliungojea mwaka wa 1993 akiwa kaburini.

Na yule mama mwimbaji ni Josephine Baker, Mmarekani mweusi aliyekuwa raia wa Ufaransa. Wajerumani walipoingia Ufaransa alitumika kwa siri: alibeba habari zilizoandikwa kwa wino usioonekana kwenye karatasi za muziki wake, maana nani atampekua mwimbaji maarufu? Alikuwa na cheo cha luteni mdogo kwenye jeshi la anga, akawaimbia askari huko Afrika ya Kaskazini. Baada ya vita alilea watoto 12 aliowachukua kutoka nchi mbalimbali, katika nyumba yake kubwa ya mashambani. Alipewa nishani kubwa za Ufaransa. Lakini madeni yakamshinda, na mwaka 1969 akatolewa kwenye nyumba ile. Aliyempatia fasi ya kulala na watoto wake ni rafiki yake Grace, mke wa mfalme mdogo wa Monaco. Mwaka 2021 Ufaransa ikamweka kwenye jengo la mashujaa wake, Panthéon. Heshima ni nzuri. Lakini ile siku alipotolewa nyumbani, Panthéon haikuwa na chumba kwa ajili yake.

Hapa nyumbani pia tuko na wetu. Mwaka 1941 askari wa Force Publique walitoka Kongo wakaenda mpaka Ethiopia, wakawashinda Waitalia huko Saio. Majina ya wakubwa wazungu yameandikwa. Wale waliobeba mizigo na kufa njiani, ni nani kati yetu hapa anaweza kutaja jina la mmoja?

Na wazee wetu wanamkumbuka Muhammad Ali, aliyempiga George Foreman huko Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Yeye alikataa kwenda jeshini mwaka 1967. Walimnyang'anya ubingwa, wakamhukumu miaka mitano, akakaa miaka zaidi ya mitatu bila kupigana, na mahakama kuu ikamwachilia mwaka 1971. Njo mtu aliyekuja kwetu akashangiliwa na taifa zima. Kwa hiyo tukamwambia kijana wa mwembe: bunduki peke yake haileti jina. Akacheka kidogo, akasema: «Sawa, lakini Ali alikuwa na wakili. Mimi niko na nani?»

Wandugu, swali lile njo limetuleta hapa. Alikuwa na nani? Louis aliyekuwa na makofi ya watu milioni mbili alikosa mtu wa kumshikia vitabu. Siki alikosa watu. Baker alikuwa na rafiki mmoja mwenye nyumba. Tofauti ni hiyo tu.

Tunajua kuna mama hapa ambaye alisema kwenye mkutano wa mtaa: «Nyumba yangu ilichomwa. Leo munaniomba nitoe franka zangu za mchango kwa ajili ya yule aliyebeba kiberiti?» Mama, hatukuja kukujibu kwamba umekosa. Haujakosa. Hakuna bondia wala mwimbaji tunayeweza kumtaja ili afute nyumba yako. Kama mtu amechoma ao ameua, kuandikwa kwenye daftari letu hakumwondolei kesi. Sheria ibaki na kazi yake, na wazee wabaki na yao.

Lakini fikiria pia: golikipa tuliyemwacha alale nje, leo yuko wapi? Yuko pori, na bunduki. Kukataa hakukutuletea usalama. Kulituletea adui anayejua njia zote za kijiji chetu.

Kwa hiyo sisi tunaunga mkono ile pendekezo ya komite, na tunaomba iwe na masharti manne. Moja: kijana alipe mchango wake kila mwezi sawa na kila mwanachama, hata kama ni kwa siku za kazi kwenye shamba la chama. Hatutaki apewe bure, hata Louis alirudisha msaada wa Detroit. Mbili: awe na wadhamini wawili ambao si wa ukoo wake, watakaomtembelea usiku na mchana, si siku ya mpira tu. Tatu: mkopo usitoke mbele ya miezi sita ya mchango. Msaada wa ugonjwa na wa msiba uanze mara moja, maana kifo hakingojei miezi sita. Nne, na hili ni kwa wote: kila kitu kinachotolewa kiandikwe, kisainiwe na watu watatu, na mtoaji abaki na karatasi yake. Zawadi isiyo na karatasi inaweza kukugeukia kesho kama deni. Mutamkumbuka bingwa wa dunia.

Kwa wafadhili wetu, maneno machache bila kuzunguka. Vifaa vya kazi vya miezi mitatu tunashukuru, lakini kijana hauzi msumeno wake kwa sababu ni mjinga. Anauuza kwa sababu ana njaa na hana paa. Kama munaweza, punguzeni sherehe ya kugawa, ongezeni muda wa kufuatilia. Na ripoti zetu mukiona picha ya makofi, mutuulize: huyu analala wapi? Swali hilo tungeulizwa mapema, pengine golikipa angekuwa hapa leo.

Vijana, ninyi wa nyuma pale, tumalizie na ninyi. Munataka kujulikana. Si kosa. Lakini wale tuliowataja hawakukumbukwa kwa sababu ya sare. Louis alimfungulia mwenzake mlango, Schmeling aliwaficha watoto wa watu wengine na kumzika mpinzani wake, Baker alilea watoto 12. Kazi hizo hazihitaji bunduki. Na sisi wakubwa tukiwapigia makofi jioni, asubuhi tuje na udongo na nyasi za kuezekea.

Sanduku la kura liko pale, karibu na mama mtunza mfuko. Golikipa hayupo kupiga kura. Mudogo wake yuko, ameketi mstari wa tatu, na anatusikiliza.